Lengo la Mwezi katika Kazi ya Sindano

Desturi ya kujiwekea malengo ya kila mwezi imekita mizizi miongoni mwa watu wanaoshona, wawe ni wale wanaoshona nyumbani kwa kujiburudisha au wale waliofungua kibanda chenye cherehani mbili tatu, na kila mwanzo wa mwezi huandikwa orodha ile ile ya matumaini: gauni la mtoto, mapazia ya sebuleni, foronya sita, na mfarishi ambao vitambaa vyake vilianza kukatwa tangu mwaka juzi. Mwezi unapokwisha, sehemu kubwa ya orodha huhamishiwa mwezi unaofuata, na mshonaji hujihukumu kuwa ni mvivu. Hukumu hiyo mara nyingi si ya haki. Kasoro imo katika lengo lenyewe, kwa sababu limeandikwa kwa jina la kitu kilichokwisha kushonwa, ilhali mkono haushoni kitu kizima kwa mkupuo mmoja bali hupita hatua moja baada ya nyingine, na kila hatua ina muda wake, vifaa vyake na uchovu wake.

Mfarishi ndio mfano ulio wazi kuliko yote. Kwa maana inayokusudiwa hapa, mfarishi ni shuka nzito ya kujifunika yenye matabaka matatu: tabaka la juu, ambalo kwa kawaida huungwa kwa viraka vya rangi mbalimbali, tabaka la katikati la pamba au sufi, ambalo ndilo huleta joto, na bitana, yaani kitambaa cha chini kinachoficha kazi ya ndani. Ili ukamilike, vitambaa hufuliwa na kupigwa pasi, hukatwa vipande kwa kufuata kigezo, vipande huungwa kuwa miraba, miraba huungwa kuwa tabaka la juu, kisha matabaka yote matatu hupangwa na kupigwa bandi, yaani kushikizwa kwa mishono mirefu ya muda itakayofumuliwa baadaye. Hapo ndipo hufuata kudarizi, ambako ni kupitisha mishono midogo midogo kwenye matabaka yote ili pamba isihame wala kujikusanya pembeni, na mwisho kingo huzungushiwa utepe. Kukata kunahitaji meza pana na macho ambayo hayajachoka. Kuunga viraka kunaweza kufanywa kwa nusu saa ya jioni na kuachwa bila hasara. Kupiga bandi kunataka sakafu tupu na, ikiwezekana, mtu wa pili wa kuvuta upande wa pili. Kudarizi kwa mkono ni kazi ya wiki nyingi ambayo mtu huifanya huku akizungumza na wageni. Anayeandika neno moja, “mfarishi”, katika orodha yake ya mwezi amezifunga pamoja kazi tano au sita ambazo hazina udugu wowote isipokuwa kitambaa.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha ugumu uliopo. Mfarishi wa kitanda cha mtu mmoja, wenye upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 2.1, huhitaji miraba 35 yenye sentimita 30 kila upande, ikipangwa safu saba za miraba mitano mitano. Ikiwa kila mraba utachukua saa moja tangu kupigwa pasi hadi kuungwa, na saa moja kwa mtu asiye na haraka si nyingi, basi miraba peke yake itamaliza saa 35. Na mtu mwenye ajira na watoto, ambaye kwa juma hupata saa nne za kukaa kwenye cherehani, atakuwa amepita wiki ya nane kabla ya kuanza kuunganisha safu. Bandi, udarizi na utepe bado havijaguswa. Lengo la kumaliza mfarishi huo ndani ya mwezi mmoja halikushindikana kwa uzembe. Lilikuwa limekwisha kushindwa siku lilipoandikwa.

Haraka ya kulikimbilia lengo la namna hiyo ina gharama inayoonekana kwa futi ya kupimia. Washonaji wa viraka huacha robo inchi ya kitambaa, takribani milimita 6, kila upande wa mshono, na kipimo hicho hakina msamaha. Mshono ukiingia ndani kwa milimita 1 tu kuliko ilivyopangwa, kila kimoja kati ya vipande viwili vilivyounganishwa hupoteza milimita 1, hivyo safu yenye mishono 15 hupungua sentimita 3 nzima, na safu jirani iliyoshonwa kwa utulivu hukataa kulingana nayo. Hapo huanza kuvutavuta, kufumua na kushona upya, na saa zilizookolewa mwanzoni hulipwa maradufu katika hatua ya pili. Fundi mzoefu hulijua jambo hili bila kuandikiwa, ndiyo maana huonekana mzito wakati wa kukata na mwepesi wakati wa kushona.

Elimu ya saikolojia imelipa tatizo hili nafasi yake. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kosa ambalo linaweza kuitwa udanganyifu wa mipango, yaani tabia ya mtu kukadiria muda wa kazi yake kwa kutazama namna anavyotarajia mambo yaende badala ya kutazama namna kazi kama hiyo ilivyokwenda huko nyuma. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakimalizia tasnifu zao waliombwa wakadirie siku zilizobaki: kwa wastani walitaja takribani siku 34, nao wakaja kutumia takribani siku 55. Linaloshangaza zaidi ni kwamba hata walipoombwa wakadirie hali mbaya kuliko zote, wastani wa jibu lao ulikuwa chini ya siku 49. Mshonaji anayesema kwamba “safari hii” mfarishi utakwisha kabla ya mwisho wa mwezi, ilhali mitatu iliyotangulia ilichukua nusu mwaka kila mmoja, yumo katika kundi hilo hilo, na dawa yake si kujitia moyo bali ni kutazama kumbukumbu.

Pamoja na hayo, ingekuwa makosa kuulaumu mwezi wenyewe. Zipo sababu nzuri za kuutumia mwezi kama kipimo cha kazi ya mikono badala ya siku. Utafiti uliochapishwa mwaka 1981 na Daniel Kirschenbaum na wenzake uliwalinganisha wanafunzi waliopanga masomo yao kwa siku na wale waliopanga kwa mwezi, na kinyume cha walivyotarajia wengi, waliopanga kwa mwezi ndio waliofaidika zaidi. Maelezo yanayoaminika ni kwamba mpango wa siku huvunjika kila siku, na kila unapovunjika humvunja moyo aliyeupanga, ilhali mpango wa mwezi una nafasi ya kumeza dharura. Hali ya nyumba nyingi za Afrika Mashariki huipa hoja hiyo uzito zaidi, kwa kuwa umeme hukatika, msiba hutokea, mgeni hufika bila taarifa, na mtoto huamka na homa usiku uliokusudiwa kwa ajili ya kudarizi. Aliyepanga miraba miwili kila Jumatatu ameshindwa mara tu Jumatatu moja inapopotea. Aliyepanga miraba minane kwa mwezi bado ana wiki tatu za kufidia. Swali lililobaki, kwa hiyo, ni kitu gani kipimwe ndani ya huo mwezi.

Historia ya mfarishi nchini Marekani, ambako kazi hii imekusanya watu wengi na kuacha kumbukumbu nyingi, ina mifano ya malengo ya tarehe yaliyofaulu na yaliyopotoka. Mwanzoni mwa mwaka 1933, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, kampuni ya Sears, Roebuck ilitangaza mashindano ya kitaifa ya mifarishi yaliyoambatana na maonyesho ya dunia ya Chicago, na muda wa mwisho wa kuwasilisha ukawekwa katikati ya mwezi Mei. Zawadi kuu ilikuwa dola 1,000, fedha ambayo kwa wakati huo iliweza kuiokoa familia, na takribani mifarishi 24,000 iliwasilishwa. Muda uliotolewa, miezi minne hivi, ulikuwa mfupi kwa mtu mmoja kubuni, kuunga na kudarizi kazi ya kiwango cha mashindano, na haishangazi kwamba mfarishi ulioshinda ulikuja kubainika baadaye kuwa haukushonwa na aliyepewa zawadi bali na wanawake wengine aliowalipa. Wao hawakupata sehemu yoyote ya heshima hiyo. Tarehe iliyowekwa bila kupima kazi huzaa ama kazi mbovu ama mikono ya kuazima, na mikono ya kuazima ni nadra kutajwa jina.

Mfano wa upande wa pili ni Mfarishi wa Kumbukumbu ya UKIMWI, ulioanzishwa San Francisco mwaka 1987 kutokana na wazo la mwanaharakati Cleve Jones. Hapo napo palikuwa na tarehe isiyosogea: tarehe 11 Oktoba 1987 kazi hiyo ilitandazwa Washington, kwenye uwanja mkubwa ulio mbele ya bunge la Marekani, ikiwa na vipande 1,920, kila kimoja kikimkumbuka mtu aliyefariki. Kilichowezesha kufika huko kwa miezi michache ni uamuzi kuhusu kipimo. Kila kipande kilitakiwa kiwe na futi 3 kwa futi 6, karibu na ukubwa wa kaburi, na kila mwombolezaji alipewa kipande hicho kimoja tu, si mfarishi wote. Watu ambao hawakuwahi kushika sindano walimaliza, kwa sababu walichoombwa kilikuwa na mipaka waliyoweza kuiona kwa macho. Kazi hiyo leo ina takribani vipande 50,000, na hakuna hata mmoja kati ya walioishona aliyewahi kuwa na lengo la vipande 50,000.

Kati ya mifano hiyo miwili wamo wanawake wa Gee's Bend, kijiji kilichozungukwa na mto pande tatu katika wilaya ya Wilcox, jimboni Alabama, ambao ni wajukuu na vitukuu vya watumwa wa mashamba ya pamba. Mwaka 1966 wanawake wa wilaya hiyo walianzisha ushirika wa Freedom Quilting Bee ili kuuza mifarishi kwa wateja wa mijini, na mwaka 1972 ushirika ukapata mkataba wa kuishonea Sears foronya za mito ya viti kwa kitambaa kizito cha mistari. Katika mkataba huo wanawake hao walishona kwa hesabu ya mnunuzi, kila foronya ifanane na nyenzake. Nyumbani kwao kalenda ilikuwa nyingine: walishona zaidi majira ya baridi, kazi za shamba zilipopungua, na kila mmoja aliunga viraka kwa namna yake hata akiwa amefuata mtindo uliozoeleka. Mabaki ya kitambaa cha mkataba yaliingia katika mifarishi ya nyumbani, na baadhi ya mifarishi ya kijiji hicho ilitundikwa katika jumba la sanaa la Houston mwaka 2002, kisha New York mwaka huo huo, na mwaka 2006 ikachapishwa kwenye stempu za posta za Marekani. Foronya hazikupata sifa kama hiyo. Jambo hilo halimaanishi kwamba kazi ya hesabu ni duni, kwa maana ndiyo iliyoleta mshahara. Ila linatenganisha lengo la soko, ambalo hupimwa kwa idadi, na lengo la sanaa, ambalo likipimwa kwa idadi huharibika.

Ipo njia nyingine kabisa ya kushona mfarishi ambayo huliondoa tatizo la hatua kuanzia kwenye mzizi wake, nayo inastahili kujulikana zaidi na wasomaji wa Kiswahili. Katika jimbo la Karnataka, kusini-magharibi mwa India, wanaishi Wasiddi, watu ambao wahenga wao walitolewa Afrika, wengi wao upande wa mashariki, na kuvushwa bahari ya Hindi kama watumwa, askari na watumishi. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo zilizochakaa. Badala ya kuunga kwanza tabaka la juu lote na kulidarizi baadaye, mshonaji huanza pembeni mwa kitambaa cha chini, huweka kiraka, hukishikiza kwa mishono inayopita hadi chini, huongeza kingine kando yake, na kuendelea kuzunguka kuelekea katikati hadi nafasi inapojaa. Kuunga na kudarizi hufanyika kwa tendo moja. Katika njia hiyo hapawezi kupatikana “tabaka la juu lililokamilika linalosubiri kudariziwa”, kitu ambacho katika makabati ya Marekani kimejaa kiasi kwamba yapo matabaka ya miaka ya 1930 yaliyokuja kumaliziwa na watu waliozaliwa baada ya washonaji wake kufa. Mshonaji wa kawandi akitaka lengo la mwezi, kipimo anacho tayari mbele yake: mizunguko mingapi kutoka ukingoni.

Pwani ya Afrika Mashariki ina hekima ya karibu na hiyo katika kofia za vito, ambazo mahali pengine huitwa kofia za viua, zinazoshonwa Lamu, Zanzibar na visiwa vya jirani, na ambazo zina undugu na kumma ya Oman. Kito ni tundu dogo linalotobolewa kwenye kitambaa na kuzungushiwa uzi pande zote hadi ukingo wake uwe mgumu, na nakshi ya kofia nzima hujengwa kwa mamia ya matundu hayo yaliyopangwa kufuata mchoro. Kofia moja yenye vito vya karibu karibu huweza kumaliza mwezi mzima na zaidi, na hakuna mshonaji mwenye akili anayeahidi tatu kwa mwezi kwa mkono wake mmoja. Anachokiahidi, na mara nyingi hukitimiza, ni sehemu: duara la juu kwanza, kisha kipande cha ubavuni, kisha kuviunganisha. Kazi hiyo huchukulika, hukunjwa, huingia kwenye mkoba, na hutolewa barazani panapokuwa na mazungumzo, hivyo saa zake hupatikana mahali ambapo mfarishi haungeweza kupelekwa.

Hali ni tofauti kwa fundi wa cherehani anayeshona kwa riziki, na hapo ni vigumu zaidi kutoa ushauri bila kujifanya hakimu. Mwezi wake haufanani na mwezi wa kalenda. Una vilele viwili vitatu kwa mwaka, yaani wiki za mwisho za Ramadhani, mwezi Desemba, na Januari ya sare za shule, na katikati yake zipo wiki kavu. Wateja wa kila mahali humlalamikia kwa ahadi ya “njoo kesho”, na malalamiko hayo yana msingi, lakini ahadi hiyo hutokana na kuhesabu nguo badala ya kuhesabu saa. Fundi aliyepokea vitambaa 40 kabla ya Idd anajua kila gauni linachukua muda gani kushonwa. Asichokihesabu ni kukata, kupiga pasi, kutia vifungo, na mteja anayerudi kupunguziwa kiuno. Fundi anayekata nguo zote za juma kwa siku moja, akazifunga kila moja na uzi wake na zipu yake, amekwisha kuigawa kazi kwa hatua, na ahadi zake huwa za kuaminika zaidi hata kama hajawahi kuandika lengo lolote kwenye karatasi. Inafaa kukumbukwa pia kwamba cherehani yenyewe iliingia katika nyumba za watu wa kawaida kwa hesabu ya mwezi, kwa kuwa kampuni ya Singer ilianza kuziuza kwa malipo ya awamu mwaka 1856. Kila mwezi kiasi kidogo, hadi deni likaisha.

Linabaki suala la kazi zilizoachwa. Malengo mengi ya mwezi ni orodha ya madeni ya zamani: mfarishi wa mtoto ambaye sasa yumo sekondari, gauni la kipimo cha miaka kumi iliyopita, kitambaa ambacho mwenyewe hakukipenda tangu siku ya kukinunua. Kuyabeba madeni hayo kutoka mwezi hadi mwezi hakumsaidii yeyote. Lengo halali kabisa la mwezi linaweza kuwa kuamua kwamba kazi fulani haitamalizwa, kuifumua, kuokoa kitambaa kinachofaa, na kumpa mwingine kilichobaki. Washonaji wa viraka wana faida ambayo waandishi na wajenzi hawana, kwa kuwa kazi yao iliyoshindikana hurudi kuwa malighafi bila kupoteza heshima.

Kwa upande wa utekelezaji, mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha mwaka 1999 kwamba nia inayotaja wakati, mahali na namna ya kutenda hutimizwa zaidi kuliko nia inayotaja matokeo peke yake. Kwa mshonaji, maana yake ni kwamba “mwezi huu nitamaliza mfarishi” ni sentensi dhaifu, ilhali “Jumamosi baada ya alasiri, meza ya kulia ikishafutwa, nitakata vipande vya miraba kumi” ina nafasi ya kutokea. Ni wazi pia kwamba hatua mbili zinazotaka mahali tofauti hazifai kuwekwa katika mwezi mmoja kwa mtu mwenye chumba kimoja, na kwamba hatua ya kupiga bandi, inayotaka sakafu nzima na mtu wa pili, iwekwe katika mwezi wenye sikukuu, ndugu wanapokuwa nyumbani.

Anayetaka kujaribu njia hii na aanze bila lengo lolote la kumaliza. Kwa mwezi mmoja aandike tu, kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko cha boksi la nyuzi, kila hatua aliyoifanya na muda uliotumika, pamoja na siku ambazo hakugusa sindano. Mwezi wa pili achague hatua moja tu ya kazi moja, aipe muda ulioonekana kwenye karatasi ile na kuongeza theluthi yake, na orodha iliyobaki aichane.